Jackson, Hill au Dotel: yupi wa kufuata kati ya warushaji watatu waliozunguka timu nyingi za besiboli?

Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, ina timu 30. Edwin Jackson alivaa jezi za timu 14, karibu nusu ya ligi nzima, na kwa miaka sita hakuna aliyemfikia. Tarehe 22 Julai 2025 Rich Hill, akiwa na umri wa miaka 45, alipanda kilimani, yaani kilima kidogo anaposimama mrushaji, na jezi ya Kansas City Royals, nayo ikawa timu yake ya 14. Kabla yao rekodi ilikuwa ya Octavio Dotel wa Jamhuri ya Dominika, timu 13.

Ukizitazama namba hizo peke yake utadhani watu hawa watatu walipita njia moja. Njia zao hazifanani hata kidogo. Kocha mwenye kijana wa mkono wenye nguvu, mrushaji anayerudi kutoka kwenye upasuaji, na shabiki anayetaka kuelewa jinsi riziki ya mrushaji inavyotafutwa, kila mmoja atapata somo tofauti. Akichagua mtu asiyemfaa, atajifunza mambo yasiyomhusu. Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu timu. Anza kwa kuuliza aliondokaje kwenye kila timu: alichukuliwa na wanaomtaka, au aliachwa na waliomchoka?

Maneno machache kwanza. Mechi ina zamu 9, na zamu ya timu inayopiga huisha wapigaji wake watatu wakitolewa. Straiki ni mpira ambao mpigaji ameukosa au ameuacha upite ndani ya eneo lake, na tatu humtoa; boli ni ule uliopita nje ya eneo hilo bila yeye kuujaribu. Hiti ni mpira uliopigwa vizuri hata mpigaji akafika kituo, na anayezunguka vituo vyote huleta pointi. Mrushaji wa kuanza hufungua mechi na hutarajiwa kumaliza zamu tano hadi saba. Mrushaji wa kupokea huingia baadaye, kwa kawaida zamu moja. Anayefunga huja zamu ya mwisho kulinda uongozi mdogo, na akifaulu huhesabiwa ameokoa mechi. Wastani wa mrushaji ni pointi zinazoingia kwa hesabu yake kwa kila zamu 9. Chini ya 3 ni bora sana, kwenye 4 anaajirika, na ukizidi 5 timu inaanza kutafuta mwingine.

| | Jackson | Hill | Dotel |
|---|---|---|---|
| Kuzaliwa | 1983, Neu-Ulm, Ujerumani | 1980, Boston | 1973, Santo Domingo |
| Mkono | Kulia | Kushoto | Kulia |
| Kazi | Kuanza | Kuanza, na miaka kadhaa kupokea | Kupokea na kufunga |
| MLB | 2003–2019 | 2005–2025 | 1999–2013 |
| Timu | 14 | 14 | 13 |
| Wastani | 4.78 | takriban 4.0 | 3.78 |
| Silaha | Mpira wa kasi, slaida (mpira wa haraka unaokwepa kwenda pembeni) | Mpira wa kupinda | Mpira wa kasi wa juu |

Waliondokaje

Jackson aliingia MLB siku ya kutimiza miaka 20, tarehe 9 Septemba 2003, akiwa na Los Angeles Dodgers. Mpinzani wake kilimani alikuwa Randy Johnson wa Arizona, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zote, na kijana akashinda. Baada ya hapo, hadi mwaka 2011, kila alipohama alihamishwa kwa kubadilishana wachezaji: Tampa Bay, Detroit, Arizona, Chicago White Sox, Toronto, St. Louis. Mara sita timu fulani ilitoa mali yake ili impate. Toronto hakuichezea hata mechi moja mwaka huo, kwa sababu siku ileile walipompokea, 27 Julai 2011, walimpeleka St. Louis. Miezi mitatu baadaye alikuwa bingwa wa World Series, fainali ya MLB.

Hapa ndipo watu wengi hukosea juu yake. Husema alihamahama kwa kuwa hakuna aliyemtaka. Kati ya 2007 na 2013 alianza mechi 31 au zaidi kila msimu, misimu saba mfululizo. Ni warushaji wachache mno wanaofikisha hivyo. Mrushaji wa namna hiyo anaiokoa timu isiingize vijana wasio tayari mara kwa mara, na ndiyo maana hata alipomaliza 2007 na ushindi 5 na vipigo 15, Tampa Bay hawakumtupa. Mwaka uliofuata alishinda 14, timu ikafika fainali. Mwaka 2009 akiwa Detroit aliteuliwa kwenye mechi ya nyota, wastani 3.62.

Kuachwa kulianza baada ya mkataba mkubwa. Chicago Cubs walimpa dola milioni 52 kwa miaka minne kuanzia 2013. Msimu wa kwanza alishindwa mara 18, wa pili wastani wake ukapanda hadi 6.33, na Julai 2015 wakamwacha. Kuanzia hapo safari ni ya namna nyingine: Atlanta, Miami, San Diego, Baltimore, mikataba mifupi, mara nyingi akipitia ligi ndogo. Oakland mwaka 2018 ilikuwa pumzi mpya, mechi 17 kwa wastani wa 3.33. Toronto mwaka 2019 iliiweka rekodi ya timu 14, lakini mwaka huo ulimalizika kwa wastani wa 9.58.

Dotel anasimulika kwa ufupi zaidi, kwa kuwa mtindo wake ulijirudia. Alisaini mkataba wa mwaka mmoja au miwili na timu ya wastani, akafanya kazi vizuri hadi Julai, kisha timu inayowania ubingwa ikamchukua kabla dirisha halijafungwa. Ndivyo ilivyokuwa 2007 kutoka Kansas City kwenda Atlanta, 2010 kutoka Pittsburgh kwenda Dodgers (na Septemba ileile Colorado), na 2011 kutoka Toronto kwenda St. Louis. Hiyo ya mwisho ilikuwa ndani ya mabadilishano yaleyale yaliyomhamisha Jackson, kwa hiyo wasafiri hawa wawili walivaa pete ya ubingwa pamoja. Mrushaji wa kupokea ni bidhaa ya Julai. Timu bora huwa na warushaji wa kuanza tayari, lakini hakuna inayosema ina wapokeaji wa kutosha.

Hill ndiye mgumu zaidi kumweleza. Mwaka 2007 akiwa na Cubs alishinda mechi 11 na kuwatoa wapigaji 183 kwa straiki tatu. Bega likaharibika, udhibiti wa mpira ukapotea, na kuanzia 2009 hadi 2014 alipita Baltimore, Boston, Cleveland, Angels na Yankees karibu bila kuacha alama. Angels alipanda kilimani mara mbili bila kumtoa mpigaji hata mmoja. Katikati ya 2015, akiwa na miaka 35, alikuwa anarusha kwa Long Island Ducks, timu ya ligi huru isiyo chini ya klabu yoyote ya MLB. Mechi mbili tu huko, Boston wakamrudisha, na Septemba akaanza mechi nne kwa wastani wa 1.55. Mechi tatu za kwanza kati ya hizo alitoa wapigaji kumi kumi kwa straiki. Miezi kumi na mitano baadaye Dodgers walimpa dola milioni 48 kwa miaka mitatu.

Kilichokuwa mkononi

Jackson alirusha mpira wa kasi unaofika kilomita 155 kwa saa, na slaida kali pembeni yake. Tatizo lilikuwa udhibiti na unyoofu. Mpira wa kasi usiopinda, ukikosea njia kwa upana wa kiganja na kuingia katikati ya eneo la straiki, mpigaji wa MLB huupeleka mbali hata uwe na kasi gani. Na asipouweka ndani ya eneo, mpigaji hungoja boli nne na kutembea bure hadi kituo cha kwanza.

Mechi inayoonyesha yote mawili ni ile ya 25 Juni 2010, Arizona dhidi ya Tampa Bay. Jackson alimaliza zamu 9 bila kupigwa hiti hata moja, akashinda 1–0. Lakini aligawa boli nne mara 8, saba kati ya hizo katika zamu tatu za kwanza, na akalazimika kurusha mara 149. Mrushaji wa leo hutolewa akikaribia 100. Kocha wake alimwacha kwa sababu historia ilikuwa inaandikwa, na mkono ule wa ajabu ukahimili. Mwanafunzi asichukue hapo ruhusa ya kurusha mara 149. Achukue jambo moja: Jackson hakubadilika usoni wala kwenye mwendo wake wa kurusha vituo vyote vitatu vilipojaa wapinzani bila mtu kutolewa.

Sasa iweke kando ya mechi ya Hill, Miami, 10 Septemba 2016. Zamu saba, wapigaji 21, hakuna aliyegusa kituo cha kwanza kwa njia yoyote ile. Alikuwa amerusha mara 89 tu. Meneja wa Dodgers, Dave Roberts, akamtoa. Kidole cha kati cha Hill kilikuwa kimemweka nje kuanzia Julai hadi mwishoni mwa Agosti kwa malengelenge, na dalili zilikuwa zinarudi. Wengi walikasirika. Mimi nasimama na Roberts: mrushaji ambaye riziki yake yote inapita kwenye ncha ya kidole kimoja hawezi kukitoa sadaka mwezi mmoja kabla ya mchujo.

Kwa nini kidole? Mpira wa kupinda hurushwa kwa kuukandamiza mshono kwa kidole cha kati na kuuvuta kwa nguvu kuelekea chini wakati wa kuuachia, ili uzunguke kwenda mbele. Mzunguko huo ndio unaoufanya udondoke ghafla karibu na mpigaji. Mshono, jasho na mgandamizo vikirudiwa mara hamsini kwa mechi, ngozi hujaa maji. Plasta hairuhusiwi, kwa kuwa kanuni zinakataza mrushaji kubandika chochote kwenye vidole au mkono. Hakuna jibu zaidi ya kukausha ngozi, kuikata sugu isijenge ukingo, na kupumzika.

Na kwa nini aliutegemea hivyo? Mpira wake wa kasi ulifika kilomita 145 kwa saa siku nzuri, chini kabisa ya wenzake. Mwaka 2015 Brian Bannister, mrushaji wa zamani aliyekuwa akifanya kazi ya uchambuzi Boston, alimshauri auongeze mpira wa kupinda mpaka ufike karibu nusu ya mirusho yake. Mazoea ya besiboli yanasema mpira wa kasi ndio chakula na mwingine wowote ni kitoweo. Hill akaipindua sahani. Hakuurusha kwa namna moja: mara wa polepole kilomita 110 hivi, mara wa haraka, mara mkono juu kabisa, mara ameushusha kidogo pembeni. Mpigaji aliyezoea kuungoja mwendo wa kilomita 115 huuona ule wa 145 ukija juu ya kifua kama risasi.

Dotel alikuwa na zana mbili na hakuhitaji zaidi. Mpira wa kasi alioupeleka juu ya eneo la straiki, na slaida. Anayeingia zamu moja hukutana na kila mpigaji mara moja tu kwa usiku, hivyo hana haja ya silaha ya tatu ya kumshangaza mara ya pili. Mwaka 2002 akiwa Houston alicheza mechi 83 kwa wastani wa 1.85. Tarehe 11 Juni 2003 alikuwa mmoja wa warushaji sita wa Houston waliowazuia Yankees wasipate hiti hata moja, na zamu yake alitoa wapigaji wanne kwa straiki. Wanne ndani ya zamu ya watu watatu hutokea pale mdakaji anaposhindwa kuushika mpira wa straiki ya tatu na mpigaji akawahi kituo cha kwanza.

Udhaifu wake ulitokana na ubora wake. Mpira wa juu usipokosewa na mpigaji huruka hewani, na ukipigwa sawasawa huvuka uzio. Pia wapigaji wa mkono wa kushoto waliuona mpira wake vizuri zaidi kuliko wa kulia. Enzi zake meneja angeweza kumwingiza kwa mpigaji mmoja na kumtoa. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize zamu. Anayetaka kuwa Dotel wa leo ajue hilo mapema.

Mkataba: mahali safari inapoamuliwa

Timu ya MLB ina orodha ya watu 40, na kati yao 26 ndio wanaocheza, warushaji wakiwa 13 kwa kawaida. Nafasi ikihitajika, mtu huondolewa kwenye wale 40 na klabu hupata siku 7: kumbadilisha, kumweka mezani timu nyingine zimdai, kumshusha ligi ndogo, au kumwachia. Mwenye miaka mitano ya utumishi anaweza kukataa kushushwa bila kupoteza mshahara wake. Mwaka wa utumishi ni siku 172, na siku moja ni siku moja kwa nyota na kwa mgeni.

Kuna kanuni moja inayoieleza nusu ya pili ya maisha ya Jackson. Klabu ikimwacha mchezaji mwenye mkataba wa uhakika, huendelea kumlipa mpaka uishe. Timu mpya hulipa kima cha chini tu, na hicho hupunguzwa kwenye deni la ile ya zamani. Cubs walikuwa wanadaiwa hadi mwisho wa 2016, kwa hiyo Atlanta, Miami na San Diego walipata mrushaji mzoefu kwa bei ya mgeni. Ukimwona mkongwe mwenye wastani mbaya akipata timu baada ya timu, angalia kwanza nani anamlipa.

Kima cha chini si kidogo. Mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa msimu, zaidi ya dola 4,000 kwa siku. Siku 43 za utumishi humpa mchezaji haki ya pensheni ya kiwango cha chini, na miaka kumi humfikisha kwenye pensheni kamili. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwa Hill miaka ya 2010 hakukuwa kuhangaika bure. Kila wiki mbili juu zilikuwa zinahesabiwa. Anayesaini mkataba wa ligi ndogo na adai tarehe ya kutoka iandikwe, ili asipopandishwa hadi siku hiyo awe huru kwenda kwingine. Bila tarehe hiyo unaweza kukaa msimu mzima ukiwa bima ya mtu mwingine.

Alipozeeka Hill aliutumia uhuru huu kwa busara. Alikubali mwaka mmoja mmoja: Minnesota, Tampa Bay, Boston, Pittsburgh. Mwaka 2024 alikaa nyumbani nusu ya kwanza ya msimu na familia, akasaini Boston Agosti.

Mwili

Jackson hakuwahi kufanyiwa upasuaji mkubwa wa mkono uliokata msimu. Mwaka 2021, akikaribia miaka 38, alikuwa kwenye kikosi cha Marekani kilichopata medali ya fedha Olimpiki ya Tokyo. Sehemu ya hilo ni maumbile na haifundishiki. Sehemu ni mwendo: miguu na kiuno vilifanya kazi kabla ya bega.

Dotel alipasuliwa kiwiko Juni 2005, upasuaji unaoitwa Tommy John, ambapo kano iliyochanika hubadilishwa na nyingine inayochukuliwa kwenye kifundo cha mkono au paja. Alirudi Agosti 2006. Kurudi huchukua miezi 12 hadi 18, na kinachochelewa zaidi ni udhibiti; kasi huja kwanza na humdanganya mtu kuwa amepona. Hill alipita bega mwaka 2009, Tommy John mwaka 2011, na kiwiko tena 2019, safari hii kano ikashonwa na kuimarishwa bila kubadilishwa. Kila alipopasuliwa aliambiwa na umri wake kuwa imetosha.

Umfuate nani

Kijana wa miaka 15 hadi 20 mwenye kasi asome Jackson, lakini wa 2009 na wa Oakland 2018. Tazama jinsi alivyoongeza mpira wa kasi unaokatika kidogo mwishoni, badala ya kulazimisha ule ulionyooka. Somo hili liko karibu kuliko tunavyodhani: mwaka 2022 Dodgers, klabu ileile iliyomchukua Jackson akiwa kijana wa sekondari, iliwasaini warushaji wawili kutoka Uganda. Klabu hulipia kasi kwanza kwa kuwa inaamini udhibiti hufundishika. Kijana aliyebaki na kasi tu hadi miaka 22 huachwa.

Mwenye kasi ndogo, wa kushoto, au aliyetoka jeruhi asome Hill, nami ndiye ninayempa nafasi ya kwanza kwa jumla, kwa sababu alichokifanya kinaweza kuigwa na mtu asiyejaliwa mkono wa ajabu. Onyo moja tu: asiigwe na watoto. Mtoto wa miaka 11 au 12 abaki na mpira wa kasi na ule wa kupunguza mwendo, asizidi mirusho 85 kwa siku kama kanuni za Little League, ligi ya watoto, zinavyotaka, na akivuka 65 apumzike siku nne. Mpira wa kupinda mara kwa mara ungoje mifupa ikomae.

Mwenye mipira miwili mizuri na wa tatu asioupata hata baada ya misimu miwili ya kujaribu, aache kung'ang'ania kuanza mechi na amfuate Dotel. Ajipime hivi: je, anaweza kurusha leo, kesho, na keshokutwa, kila siku mara 15 hadi 20, kiwiko kisilalamike? Je, anaweza kuwa tayari kwa dakika kumi tangu simu ilipolia kwenye uwanja wa kupashia misuli? Akishindwa la kwanza arudi kwenye mazoezi ya kujenga bega. Akishindwa la pili, aanze kurusha mapema kidogo kidogo tangu zamu ya tano, hata kama hajaitwa.